Documentary ya cult niliyoitafsiri kwa mdomo wangu ilivyomchukua dada yangu huko Mishamo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Walioko mashambani msimu huu, Mungu awape nguvu za mgongo.

Nimesoma ule uzi wa mwenzetu anayeomba apendekezewe documentary za kufikirisha kuhusu cults na migogoro ya kijamii. Nimesoma na comment zote mpaka ya mwisho. Nimekasirika, na hata sasa ninavyoandika bado nina hasira.

Aliyeomba hana kosa. Nimewakasirikia nyie mliojibu "wale ni wajinga tu, mimi hakuna mtu wa kunihamisha kwangu nikamfuate porini". Mmeandika hivyo na vicheko juu. Mnaangalia mkiwa kwenye sofa, mnakula karanga, mnacheka.

Nitapendekeza documentary, ninazo tatu. Ila ya kwanza ina habari yake na lazima niieleze yote. Ni ya kweli na imenikuta mimi. Aibu kubwa humo ndani ni ya kwangu, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Kwanza mnijue. Nipo Mpanda mjini, nina kibanda cha movies. Mtu analeta flash au memory card, namjazia anachotaka. Lakini sifa yangu ni kutafsiri. Mimi ndiye yule jamaa mnayemsikia juu ya picha akiongea Kiswahili, anafanya sauti ya jambazi, ya polisi, ya bibi harusi, na ya mbwa akihitajika.

Kazi yenyewe ni mic moja, laptop moja, na blanketi nimezitundika ukutani kuzuia kelele za bodaboda. Mtu mmoja unakuwa watu ishirini. Joto lake humo ndani msiulize.

Ukiwa mtafsiri huku kwetu hutafsiri neno kwa neno. Ukifanya hivyo utakufa njaa. Unachukua picha ya Wazungu unaileta nyumbani. Jambazi anatoroka kupitia Inyonga. Mpelelezi anakunywa chai stendi. Watu wanapenda hivyo, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna mtu mkoa mzima anayeleta picha nyumbani kama mimi.

Kingine, sina tu wateja wa kuangalia. Nina wateja wengi wa kusikiliza.

Mnaokaa mjini labda hamlijui hili. Mkulima wa Mishamo ana simu ya kitochi, kioo kidogo kama kucha. Picha haionekani vizuri, lakini memory card inaingia. Kwa hiyo anataka sauti peke yake. Anaiweka simu mfuko wa shati, anafungulia, anapalilia maharage huku anasikiliza movie mwanzo mwisho. Mimi nilikuwa natoa sauti kwenye picha na kuwajazia. Wanarushiana shamba kwa shamba, na movie moja inatembea vijiji vyote vya makazi kabla wiki haijaisha.

Mimi mwenyewe nimezaliwa Mishamo. Wazee wetu walikimbia Burundi, wakaletwa kwa malori, wakakuta pori, wakapewa vijiji vyenye namba. Leo wengi wetu ni raia, tuna vitambulisho, tunalima mahindi na mihogo kama mtu yeyote. Lakini hayo ya malori na namba bado yanaongelewa jikoni.

Sasa twende kwenye documentary.

Sitawapa jina lake la Kiingereza kwa sababu hapa kibandani hakuna anayezijua kwa majina hayo. Mtafsiri unaipa jina lako. Hii niliiita Shamba la Baba.

Inahusu jamaa mmoja wa huko nje aliyekusanya watu, akawaambia dunia imewachoka na wao waichoke. Akawahamishia shamba la mbali. Akawaambia waache ndugu zao, waache hospitali, waache kusikiliza mtu yeyote isipokuwa yeye. Iliishia vibaya, watu walikufa, na watoto walikuwemo.

Ina saa moja na nusu. Kama nusu saa ni yule Baba anahubiri, amerekodiwa enzi zake. Saa nzima iliyobaki ni walionusurika. Wamekaa kwenye kiti, mmoja mmoja, wanaongea. Hakuna mlio wa bunduki, hakuna gari linapinduka. Ni mtu, kiti na machozi.

Wakuu, niliikata.

Wateja wangu walikuwa wameshanichamba mara mbili kuhusu picha za watu waliokaa kwenye kiti. Mmoja aliniambia nimemuuzia kikao cha kijiji. Kwa hiyo safari hii nikafanya ujanja. Mahubiri yote nikayaacha, watu wa kwenye kiti nikawatoa wote. Na kwa sababu ule mwisho mbaya unasimuliwa na hao hao wa kwenye kiti, mwisho nao ukaondoka. Toleo langu linaishia watu wanapanda malori kwenda shambani, wanaimba.

Halafu nikaleta nyumbani.

Yule Baba nilimpa sauti ya katekista mmoja wa zamani kijijini kwetu, marehemu sasa. Alikuwa anaongea polepole, anakaribia kulia, halii. Nikaifanya vizuri mno. Na pale Mzungu anaposema "nyinyi mliokataliwa", mimi nikaona maneno hayo makavu. Nikaweka yangu. Nikasema, "Nyie mliobebwa kwenye malori. Nyie mliopewa namba kabla ya kuulizwa majina. Nyie mnaoulizwa kwenu wapi wakati mmezaliwa hapa. Mimi najua majina yenu."

Maneno hayo hayapo popote kwenye documentary. Ni ya babu yangu, alikuwa anayasema akishalewa. Niliyachukua nikayatia kinywani mwa muuaji kwa sababu yalikuwa yanaleta ladha.

Nilivyomaliza kurekodi nilijipongeza kwa soda. Nilijiona fundi.

Basi. Nina dada mmoja, Konsolata, mkubwa wangu. Ameolewa huko huko Mishamo na shemeji yangu Donati. Wana binti wa miaka tisa anaitwa Evelina, na Evelina ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao.

Anayeijua selimundu anaelewa. Ni dawa kila siku, maji mengi, asipigwe na baridi, na kliniki kila mwezi. Dada alikuwa haruki hata siku moja. Alikuwa anampakia mtoto kwenye pikipiki kutoka Mishamo mpaka hospitali Mpanda, wanafikia kwangu, wanalala, kesho yake wanarudi. Madaktari walikuwa wanamtolea mfano kwa wazazi wengine. Nawaambia ili mjue dada yangu ni mtu wa aina gani, kabla hamjamuita jina lolote.

Mwezi mmoja hawakuja. Nikasema ni masika, barabara imekatika. Mwezi wa pili hawakuja. Simu ya dada haipatikani. Nikampigia Donati, akaongea kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza mtoto mzima? Akasema mzima kidogo, njoo tu.

Nikafunga kibanda, kesho yake alfajiri nikawasha pikipiki.

Nilimkuta shemeji peke yake uani, anamenya muhogo. Mwanaume wa Kirundi wa umri ule kumkuta anamenya muhogo peke yake ni habari tayari. Nikamuuliza mke wako yuko wapi. Akanyoosha kisu kuelekea mwisho wa mashamba, kule msitu unapoanzia.

Akaniambia kuna kundi. Linaongozwa na Baba Serafini. Nilimjua, alikuwa fundi baiskeli hapo hapo sokoni, mtu mpole, alishawahi kunizibia pancha nikiwa shule ya msingi. Amelima shamba kubwa kule mwisho, amejenga vibanda, na kaya kama ishirini zimehamia. Hawaongei na walio nje. Watoto wametolewa shule. Ndugu wamegawanyika, huyu yuko ndani huyu yuko nje, wakikutana kisimani hawasalimiani. Wameshagombana na wafugaji waliokuwa wanapitisha ng'ombe hapo miaka yote, kwa sababu Baba Serafini amesema kwato za watu wa nje zinanajisi ardhi. Mtu mmoja tayari alikuwa amepasuliwa kichwa kwa fimbo.

Nikamuuliza dawa za mtoto je.

Donati akasema, "Wamezifukia. Zote. Za watu wote walizichimbia shimo, wakaimba."

Nikamuuliza Serafini tangu lini ana mdomo wa kuhamisha kaya ishirini. Yule bwana alikuwa hawezi kukutajia bei ya tairi bila kuangalia chini.

Shemeji akasema siyo yeye. Serafini mwenyewe haongei sana. Wanasikiliza Sauti. Kila siku jioni wanakaa kuzunguka spika, wanasikiliza Sauti, wanalia. Serafini aliipata kwenye simu, hajui ilipotoka, na anasema aliyemrushia naye hajui. Sauti inawajua. Inajua habari za malori.



Nikamwambia shemeji kama unayo nisikilizishe. Alikuwa nayo. Akatoa kitochi mfukoni, akabonyeza.

Nilisikia sauti yangu. Polepole, inakaribia kulia, hailii. Mimi najua majina yenu.

Sikuweza kumwambia Donati muda ule ule. Nilichukua kile kitochi nikaenda nyuma ya nyumba, nikaisikiliza tena. Nikarudi nikamwambia. Akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nataka kuanzisha dini. Nikamwambia hapana kaka, nilikuwa natafsiri movie.

Tukaenda wote wawili huko shambani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi.

Nilikuwa na imani kubwa sana na mpango wangu. Nilijiambia nitawaeleza ukweli, watacheka, wataona aibu, tutarudi nyumbani. Nyie mnaosema cult inavunjwa kwa facts, nilikuwa mwenzenu mpaka asubuhi ile.

Walitupokea vizuri. Serafini alitupa viti. Evelina alikuwa amekaa kwenye mkeka, kwenye kivuli cha kibanda. Macho ya njano kabisa. Akaniamkia shikamoo mjomba kwa sauti ndogo, hakunyanyuka. Dada alikuja kutoka kwenye matuta na jembe, amekonda, ana furaha. Hiyo furaha ndiyo iliniumiza zaidi. Nilikuwa sijamuona na furaha hivyo tangu mtoto agundulike na ugonjwa.

Nikasimama nikawaambia wote. Hiyo Sauti ni mimi. Ninauza movies Mpanda, kibanda changu mnakijua, hiyo ni documentary ya Mzungu, nimeitafsiri mimi, na maneno ya malori nimeyaongeza mimi.

Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeugua.

Nikaona hawaamini. Nikafanya ninachojua kufanya. Nikavuta pumzi, nikaanza kuongea kwa ile sauti, palepale, mbele yao. Nyie mliobebwa kwenye malori. Nyie mliopewa namba.

Wakuu, walipiga magoti.

Kina mama wakaanza kulia. Mzee mmoja akavua kofia. Nikanyamaza katikati ya sentensi, nikaanza kupiga kelele kwa sauti yangu ya kawaida kwamba ni mimi, ni mimi, amkeni, nyanyukeni. Hakuna aliyenyanyuka.

Serafini akanyanyuka taratibu, akanishika bega, akawaambia watu wake, "Mmeona? Sauti haichagui chombo. Imepita hata kwa huyu anayeuza picha chafu."

Nilimkunja shati. Donati akanivuta pembeni.

Mpaka leo sijui kama Serafini ni tapeli au anaamini kweli. Nimelala na hilo swali nyumba moja kwa miezi. Nikikaa vizuri naona aliamini. Na hilo linanikera zaidi kuliko angekuwa tapeli, kwa sababu tapeli ningemchukia nikamaliza.

Nikaenda kumbeba Evelina. Wanaume wanne wakasimama mbele yangu, lakini hawakuwa na kazi, maana dada mwenyewe aliwapita akaja kusimama kati yangu na mkeka. Hakuwa na hasira hata kidogo.

Akaniambia, "Musaza wanje, miaka tisa nimebeba huyu mtoto kwenye ile barabara. Hakuna siku mtu ameniambia pumzika. Umenipumzisha wewe, halafu unakuja kunitoa?"

Musaza wanje ni ndugu yangu wa kiume, kwa Kirundi. Alinibembeleza huku ananifukuza.

Tukatolewa, mimi, shemeji na pikipiki yangu.

Nikaenda kwa kiongozi mmoja wa kijiji. Simtaji, na cheo chake sikitaji. Nikamueleza kuna watoto wagonjwa wamefukiwa dawa. Akaniambia mambo ya imani ni nyeti, kila mtu ana uhuru wa kuabudu, niandike barua. Nikamwambia mtoto anakufa. Akasema barua iwe na nakala mbili. Halafu wakati natoka akaniita. Nikageuka nikajua sasa amekumbuka kitu. Akaniuliza kama ile series ya Wakorea nimeshatafsiri season two.

Nilishindwa hata kutukana, na mimi kutukana ni kipaji.

Nikarudi Mpanda siku hiyo hiyo, nikaenda ustawi wa jamii. Pale nilisikilizwa, sitadanganya. Mama mmoja aliandika kila kitu, akapiga simu, wakapanga waende na askari Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilihesabu siku kwenye vidole mara nyingi kama vile zitapungua.

Nikaingia kibandani nikafungua laptop. Bahati nzuri ile documentary nzima nilikuwa bado ninayo.

Nikaanza kusikiliza wale watu wa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza niliwasikiliza mpaka mwisho, sikuruka. Kuna mama mmoja humo, dakika kama kumi na moja hivi. Anaeleza jinsi alivyokuwa na mtoto wa kiume mwenye kifafa, jinsi Baba alivyomwambia dawa ni matusi kwa Mungu, na jinsi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alivyozimwaga. Anasema siku zile za mwanzo alikuwa na furaha kuliko maisha yake yote. Anasema alikuwa amechoka na mtu akamruhusu kupumzika. Halafu anaeleza kilichompata mtoto.

Mama wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe na miwani, alikuwa anaongea maneno ya dada yangu. Na mimi nilikuwa nimemkata kwa sababu amekaa kwenye kiti.

Sauti za wanawake huwa nazifanya nyembamba, watu wacheke. Safari hii sikuigiza. Niliongea kwa sauti yangu mwenyewe, ile ninayoongelea nyumbani, na pale aliponyamaza na mimi nikanyamaza. Sikuleta kitu chochote nyumbani. Nilimuacha kwao, na jina lake la huko huko. Mwanzo nikasema jina langu, la baba yangu, na kwamba mimi ndiye niliyeikata hii sehemu.

Jumanne nilijaza memory card zote nilizokuwa nazo dukani. Jumatano alfajiri nikawasha pikipiki.

Niligawa kwa kila niliyemjua anayelima upande ule. Moja nikampa Donati.

Kilichofuata sikukiona kwa macho, amenisimulia shemeji. Ana shamba la maharage linalopakana na lile la kundi, yamegawanywa na tuta tu. Alienda kupalilia pale. Akaweka kitochi mfuko wa shati, sauti mpaka mwisho, akaanza tuta la kwanza.

Dada alikuwa upande wa pili, anapalilia na wenzake. Aliitambua sauti yangu. Akadhani ni ujumbe mpya, maana Serafini alishasema Sauti inapita kwangu. Donati anasema alikuwa anasogea tuta kwa tuta, hanyanyui kichwa, jembe linaenda, mpaka wakawa wanalima bega kwa bega, kila mtu upande wake wa mpaka. Hawakusalimiana. Ilipoisha Donati akairudisha mwanzo. Wakasikiliza tena.

Mara ya tatu ikiwa katikati, dada aliweka jembe chini akaenda kwenye kibanda. Akatoka na Evelina mgongoni. Walimzuia, akapita. Shemeji anasema hakukimbia wala hakugeuka, na Serafini alibaki amesimama na mikono yake pembeni.

Nilitamani habari iishie hapo wakuu. Ingekuwa documentary ningeikata hapo, ninajijua.

Evelina alikuwa ameanguka asubuhi ile ile. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Walimuombea, wakamlaza. Dada aliniambia baadaye alirudi kupalilia kwa sababu aliambiwa akikaa pembeni ya mtoto anaonyesha hana imani. Alikuwa ameshalima saa mbili nzima na mtoto ana kiharusi.

Nilikuwa bado nipo kijiji cha pili nagawa. Donati akanipigia, nikawabeba mama na mtoto kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, wakatupa gari mpaka Mpanda. Madaktari walifanya kazi yao vizuri. Walisema angekuwa kwenye dawa zake na kliniki, huenda isingetokea, na angefikishwa mapema siku hiyo wangeokoa zaidi. Alipona. Anaongea, anatembea anavuta mguu kidogo. Mkono wa kulia haujarudi.

Alhamisi ustawi na askari walifika kule, baadhi ya watoto walitolewa, Serafini alichukuliwa maelezo. Yuko nje. Anasema yeye hajawahi kumwambia mtu neno, alikuwa anasikilizisha tu. Na kusema ukweli, kisheria sijui ana kosa gani ambalo mimi sina.

Sasa nawaambia kitu kilichonileta humu.

Siku ya tatu wodini, Evelina amelala, nikakaa na dada kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimejiandaa kupokea shukrani, nisifiche. Nilikuwa na sehemu ndani yangu iliyokuwa inajiona shujaa. Nilibaki naongea naongea, jinsi nilivyotafsiri, jinsi nilivyogawa.

Konsolata akanisubiri nimalize. Akaniuliza yule mama wa kwenye kiti nilimpata wapi, ni picha nyingine? Nikamwambia hapana, ni ile ile.

Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa naye toka mwanzo."

Nikasema ndiyo.

"Ukaniletea yule Baba, huyu mama ukamuacha."

Nikaanza kumueleza kuhusu wateja, kwamba hawapendi watu waliokaa. Nilijisikia nilivyokuwa naongea. Akanyanyuka akarudi ndani kwa mtoto, na toka siku hiyo ananiongelesha kwa mambo ya hospitali tu.

Haya, documentary mlizoomba.

Ya kwanza ni hiyo, Shamba la Baba. Tafuteni nzima. Mahubiri mnaweza kuyaruka, watu wa kwenye kiti msiwaruke.

Ya pili kwangu inaitwa Maji ya Ng'ombe. Ni nchi nyingine, wakulima na wafugaji walioishi pamoja miaka mpaka mwanasiasa mmoja akaanza kuwaambia nani mwenyeji. Mtu wa Mpimbwe au wa Kibaoni, huku kwetu kwenye ugomvi huo huo, akiiangalia hahitaji mtafsiri. Ya tatu ni Binti wa Nabii, mtoto aliyezaliwa ndani ya kundi anatoka akiwa mtu mzima, hajui hata kununua mkate. Hiyo haina damu hata tone, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko zote.

Nimefuta lile toleo langu kwenye laptop. Kwenye simu za watu halifutiki. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Kibaoni na memory card, anataka "yale mahubiri ya Sauti, yale yanayoliza". Nilimkalisha nikamueleza yote haya, mwanzo mpaka mwisho. Alisikitika sana, akatikisa kichwa, nikamjazia ile nzima. Baada ya siku mbili alirudi. Akasema kaka hii ni ndefu, watu wanaongea tu, huna ile fupi?

Nilichojifunza ni hiki. Wanaoingia humo hawaingii kwa kukosa akili. Wanaingia kwa sababu wamechoka na kuna mtu ametaja uchovu wao kwa jina. Ukiwa na mgonjwa, au ndugu anayelea peke yake, mwambie wewe apumzike, umbebee mzigo siku moja, kabla hajaambiwa na mwingine. Mimi nilikuwa nampa dada kitanda cha kulala usiku mmoja kwa mwezi, nikaona nimemaliza undugu.

Karibuni mtoe maoni. Mwenye documentary nyingine aweke, mwenye ndugu yake aliyeko kwenye makundi haya aseme, tutashauriana. Matusi pia ruksa, sitajibu hata moja.

Ila asije mtu hapa kuniandikia kwamba dada yangu ni mjinga. Yeye alisikia nusu, na aliposikia nusu nyingine aliweka jembe chini akambeba mwanae. Mimi niliujua mwisho toka siku ya kwanza, na nikaona unachosha.